Glasi ya Kwanza

"Ukimaliza hapo, uvae ile rinda ya bluu," Mama alisema, kwa sauti ile ile ambayo angesema mvua itanyesha.

Cheptoo hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa imelowa maji ya machungwa hadi kwenye viwiko, na karai lililokuwa mbele yake lilikuwa limejaa maganda. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita, na baridi ya Boito ilikuwa imeingia mpaka jikoni, ikakaa kama mtu wa nyumbani.

"Ya bluu ya nini, Mama? Si ulisema ni wageni wa kanisa tu?"

Mama aligeuza chapati, akaibonyeza kwa kitambaa. Cheptoo alikuwa na miaka ishirini na minne ya kuusoma mgongo wa mama yake. Aliacha kukamua.

"Mama. Hawa wageni ni akina nani?"

"Ni watu wa Kipkelion. Mzee Kipchirchir na mama ya watoto wake. Na kijana yao, Alexander, yule mwalimu."

"Wanakuja kufanya nini?"

"Wanakuja kuongea na baba yako."

Jibu hilo lilitosha. Wageni wa kanisa huja kuongea na Mungu. Wanaokuja kuongea na baba, tena wakiwa na kijana wao, wamekuja kwa koito, mazungumzo ya posa. Na anayeposwa alikuwa ndiye huyu huyu aliyeamshwa alfajiri kuwatengenezea kinywaji.

Kama unamngoja alie, utangoja sana. Cheptoo alifuta mikono kwa aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hivyo mimi ndiye nitawapikia, nitawakaribisha, halafu wanibebe?"

"Usiongee hivyo. Hakuna mtu anakubeba leo. Utaulizwa tu kama unawajua. Useme ndiyo, uonje ile glasi ya kwanza, umpe Alexander. Ni hiyo tu."

"Na Oketch?"

Mama alitazama mlango kwanza. "Hilo jina usilitaje hapa. Baba yako amesema Waluo, watu wa ziwa, ni watu wazuri, lakini si wa kuoa kwake. Ukifia huko utazikwa na watu hujui hata kuwasalimia. Mimi sina maneno mengine, mtoto wangu. Kamua machungwa."

Zamani, koito haikwenda bila pombe. Wazee wa kanisa lao walipoipiga marufuku, katika nyumba za waumini wa pale soda ndiyo ilichukua kiti chake. Msichana huitwa mbele ya watu, akaulizwa. Akikubali, anaonja glasi ya kwanza kisha anampa yule aliyemkubali. Hakuna karatasi ya kutia sahihi, lakini glasi hiyo ikishapokewa, hata shangazi zako walioko Sotik watajua kabla jua halijazama.

Sasa Mzee Kipkoech, baba yake Cheptoo, hakutaka soda ya dukani kama ya kila mtu. Yeye alikuwa mzee wa kanisa mwenye michai iliyokatwa ikanyooka, na binti yake alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya shamba kubwa. Huko, kila Jumapili, wageni hulala mpaka jua lichomoze vizuri, wakaamka saa nne kula mlo ambao si kifungua kinywa wala si chakula cha mchana, ni vyote viwili vikisukumana kwenye sahani moja. Katika mlo huo Cheptoo aliwapa kinywaji kilichomletea jina. Unamenya ganda la juu la machungwa na malimau, lile la rangi tu, maana weupe wa ndani ni mchungu. Unalitia kwenye sukari iliyochemshwa na maji na kipande cha tangawizi. Ikishapoa unachuja, unachanganya na maji ya matunda, na mwisho kabisa, mgeni akiwa tayari ameshika glasi, unamimina maji ya gesi. Viputo vinapanda vikikimbizana, na hakuna kileo hata tone.

Mzee alikionja mara moja tu, kichwa kikamvimba. Alimtangazia kila mzee wa kanisa kuanzia Litein hadi Kipkelion kwamba kwake, siku ya koito, watu watakunywa kitu cha kulewesha macho peke yake.

Cheptoo alimaliza kukamua. Alijaza majagi mawili ya maji ya matunda, moja akalifunika kando, la pili akaliacha kwenye beseni la maji baridi pamoja na chupa nane za gesi, akaenda kuoga. Alijimwagia maji ya baridi kwa makusudi. Kichwani alikuwa akisema, nitaongea na Baba, nitamwambia nimekataa, nitamwambia kabla hawajafika. Lakini baba yake alikuwa nje akipanga viti na mzee mwenzake, na hakumpa hata nafasi ya kumtazama usoni.

Aliporudi jikoni akiwa na rinda la bluu, chupa zote nane zilikuwa tupu, zimepangwa vizuri dirishani. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria kubwa inayotoa mvuke.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Nimechanganya lile jagi la beseni na gesi yote, sasa naipasha moto."

"Unapasha moto maji ya gesi?"

"Watu wametoka Kipkelion na hii baridi, niwape kitu baridi? Hapa kwangu mgeni hapewi kitu baridi. Hata nimeweka majani ya chai kidogo, ishike rangi."

Cheptoo alichungulia sufuria. Kiputo kimoja kilipanda, nacho kilikuwa cha kuchemka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye alitabasamu, akidhani amesifiwa.

Mzee Kipkoech hakucheka. Alipoonja kijiko kimoja alifumba macho kama aliyemeza kwinini.

"Hii ni nini? Nitampa Kipchirchir hii, baada ya yale yote nimesema?" Alitazama saa yake. "Maji ya matunda imebaki?"

"Jagi moja," Cheptoo alisema. "Gesi ndiyo imeisha. Na kantini ya kiwanda ndiyo iko nayo karibu."

Mama alikohoa. Kantini ya kiwanda cha chai, kila mtu alijua, ilikuwa hatua ishirini kutoka karakana ya mafundi, na karakana ndiko Oketch alikofanya kazi. Mzee alifikiri. Aliichagua Jumamosi hii kwa kuwa alisikia yule kijana wa ziwani ameenda likizo kwao Nyakach, na hakujua likizo imeisha jana.

"Nenda," alisema. "Rudi haraka. Usisimame na mtu."

Hivi ndivyo fahari inavyompeleka mtu: alimtuma mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe.

Cheptoo alipita katikati ya michai, umande ukimlowesha pindo la rinda. Kiwanda kilinguruma kama kawaida, na harufu ya majani yanayonyauka ilimpokea kabla ya mlango. Oketch alikuwa amechuchumaa kando ya mashine iliyofunguliwa, ovaroli limejaa grisi. Alipoinua macho, spana ilibaki hewani.

Hayo macho ndiyo yalimponza Cheptoo tangu mwanzo. Mwaka mmoja na nusu uliopita Oketch aliletwa nyumba ya wageni kutengeneza friji, na baada ya kazi Cheptoo akampa glasi ya kile kinywaji. Aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, akacheua kwa nguvu mbele ya meneja, kisha akamtazama Cheptoo kwa aibu na furaha zikichanganyika. Tangu siku hiyo hakumtoka Cheptoo moyoni.

"Nyar Boito," alisema sasa. Binti wa Boito, ndivyo watu wa kwao wanavyoita, naye alimwita hivyo kila mara akitaka atabasamu. "Umependeza. Nani anaoa?"

"Mimi ndiye naolewa. Nimekuja kununua gesi ya hiyo sherehe."

Alidhani ni utani. Alisimama akicheka, akautazama uso wake, kicheko kikamkauka.

"Leo?"

"Saa nne. Mwalimu wa Kipkelion. Nimejua asubuhi hii."

Oketch aliweka spana chini. Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwapo.

"Sasa unataka nikuuzie maji ya kumpea mwanaume mwingine?"

"Nataka unisikilize."

"Nimesikia. Mimi nimekaa kwetu wiki mbili nikiambia mama yangu juu yako. Nimemwambia unapika, unaimba, uko na kichwa ngumu. Ameanza hata kukutafutia kuku." Alitupa kile kitambaa kando. "Twende, Cheptoo. Sasa hivi. Tushike barabara, saa saba tuko Sondu, jioni tuko nyumbani. Kesho watume watu wakutafute, watapata umeshakuwa wa kwetu."

Ni kweli kwamba moyo wake uliruka. Kwa dakika moja nzima aliiona barabara hiyo, akajiona akiteremka nayo, mkono wa Oketch ukiwa kiunoni mwake, na hakuna mtu wa kumuuliza kitu. Alimpenda kiasi cha kuumwa. Ndiyo maana alikasirika.

"Nitoroke kama mwizi? Nimeiba nini?"

"Si kutoroka, ni kwenda."

"Mtu anakwenda akiwa ameaga. Oketch, nikipitia dirishani leo, maisha yangu yote watasema ulinidanganya. Watasema nilikuwa mtoto sikujua. Baba yangu ataniombea kanisani kila Jumapili kama mgonjwa. Mimi si mgonjwa. Nitatoka kwa mlango."

"Na kwa mlango wamekaa wazee."

"Watanipisha."

"Wasipokupisha?"

Oketch alisogea karibu, akanyoosha mkono wenye grisi kuelekea shavu lake, akakumbuka uchafu, akaurudisha. Cheptoo aliushika mkono huo akauweka mwenyewe shavuni. Alama ilibaki pale, nyeusi, na hakuifuta mpaka alipokaribia nyumbani.

"Leta gesi," alisema. "Kreti nzima."

"Nitakubebea. Ni nzito."

"Ukibeba, utaingia nayo mlango wa mbele. Hakuna kujificha jikoni kama mtu wa kuleta kuni."

"Watanifukuza."

"Basi wakufukuze nikiwa naona."

Cheptoo na Oketch walipofika, wageni walikuwa wameshaketi. Mzee Kipchirchir, mtu mnene mwenye koti la kijivu, alikuwa kwenye kiti cha heshima. Mke wake alikuwa kando yake, na Alexander karibu na dirisha, tai imemkaba, akitazama viatu vyake. Maombi yalikuwa yamemalizika, mayai na chapati na viazi vilikuwa mezani. Mzee Kipkoech alikuwa ndiyo anawaambia habari za kile kinywaji, mlango ulipofunguka akaingia Oketch, kreti begani, ovaroli la grisi mwilini.

"Chamgei," Oketch alisalimia kwa Kikipsigis, akainamisha kichwa kwa kila mzee kwa zamu yake.

Wageni walimwitikia vizuri, maana hawakumjua. Mzee Kipkoech alianza kuinuka, akaketi tena. Kumfukuza mtu aliyekwisha kusalimia wageni wako ni kujivua nguo mwenyewe.

"Weka hiyo jikoni, kijana," hatimaye alisema. "Halafu uende kazi yako."

"Haiwezi kuenda jikoni, Baba," Cheptoo alisema nyuma yake. "Hii inachanganywa hapa mezani. Jikoni tumejaribu."

Mama, aliyekuwa mlangoni, aliangalia chini. Cheptoo aliweka glasi moja tu katikati ya meza, glasi ya kwanza, nyingine akaziacha kwenye trei. Alimimina maji ya machungwa na malimau hadi nusu. Oketch alifungua chupa. Cheptoo aliinamisha glasi, akateremsha gesi ubavuni taratibu, na viputo vikapanda vikimetameta hadi mke wa Mzee Kipchirchir akasogeza kiti mbele.

"Na haina pombe?" aliuliza.

"Hakuna, Mama. Ni matunda, sukari na hewa."

Mzee Kipkoech aliona macho ya wageni yamelainika, akaona afadhali amalize jambo hili upesi. Alikohoa, akasimama.

"Cheptoo. Hawa watu wametoka mbali, na wamekuja na heshima. Baba yako anakuuliza mbele yao. Unawajua?"

Nje, ng'ombe alilia mara moja, akanyamaza. Cheptoo alimchukia kila mtu mle ndani kwa dakika hiyo, hata Oketch, kwa kuwa amesimama pale kando ya mlango na hawezi kumsaidia.

"Nawajua, Baba. Mzee Kipchirchir nimemwona mikutano ya kanisa, na mama namheshimu. Alexander nimesalimiana naye mara mbili."

"Vizuri. Basi onja, utupatie."

Aliichukua glasi kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi vizuri. Akaonja. Tamu, kisha chachu, kisha ule msisimko puani. Alexander alianza kuinuka, mkono mmoja kwenye tai.

Cheptoo alimpita. Hatua zilikuwa nne tu, lakini alizitembea zote, hakuharakisha hata moja, mpaka akasimama mbele ya mtu mwenye ovaroli.

"Pokea," alimwambia.

Oketch alimtazama, na Cheptoo aliona kwenye macho yake woga na mapenzi na swali: una hakika? Aliisogeza glasi karibu zaidi. Oketch aliipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka ikaisha.

"Cheptoo," baba yake alisema kwa sauti ya chini sana. "Hujui umefanya nini."

"Najua."

"Umenitia aibu kwa nyumba yangu."

"Uliniuliza mbele ya watu, Baba. Nimekujibu mbele ya watu. Kama ungeniuliza jana tukiwa wawili, ningekujibu tukiwa wawili."

"Toka. Toka na yeye, na usirudi."

"Sitoki. Wageni hawajanywa."

Alirudi mezani, akateremsha glasi nyingine kutoka kwenye trei. Gesi ilimwagika kidogo, akapangusa, akaendelea. Moja alimpelekea Mzee Kipchirchir, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Mzee, hii ni ya mgeni tu. Haina maneno ndani. Nisamehe kwa safari yako, lakini kijana yako ni mtu mzuri na hafai kupewa mke amefungwa kamba."

Mzee Kipchirchir aliitazama ile glasi. Kisha alimgeukia mwenyeji wake.

"Kipkoech, uliniambia msichana amekubali."

Mzee Kipkoech alivuta sahani yake karibu.

"Uliniambia hata tarehe ya kanisa. Mimi nimekuja na mke wangu, nimevaa koti. Sasa nani amenitia aibu, ni huyu?" Alichukua glasi, akanywa, akapangusa sharubu. "Msichana ameulizwa na amejibu. Kama hatukutaka jibu, tungekaa nyumbani tukunywe chai."

Alexander alikaa tena. Alilegeza tai yake na, kwa mara ya kwanza tangu aingie, alipumua.

"Mimi pia nipatie," alisema. "Kiu imenishika tangu Litein."

Cheptoo aliwapa wote, mmoja mmoja, akimaliza na baba yake. Mzee hakupokea. Cheptoo aliiweka glasi mezani mbele ya baba yake, viputo vikipanda bila kunywewa, akavuta viti viwili karibu na mlango, akamketisha Oketch, ambaye hakuna aliyemwambia aketi na ambaye hakuna aliyemwambia aende, naye akaketi kando yake. Hakumshika mkono. Alikaa tu, mgongo wima, bega lake likigusa bega lenye grisi.

Watu walianza kula mayai. Ndipo Mzee Kipkoech, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, akasema, "Kijana."

"Naam, Mzee."

"Baba yako anaitwa nani?"

Oketch alisimama. "Anaitwa Owino, Mzee. Owino wa Nyakach."

"Na kwa nini umekuja na kreti, hujakuja na yeye?"

"Hajaitwa, Mzee. Akiitwa hata kesho atakuja."

Uso wa Mzee ulikuwa mgumu bado, na hakukuwa na msamaha ndani yake hata kidogo.

"Aje Jumamosi ijayo, nimsikilize. Kusikiliza tu. Usiende ukawaambia watu nimekubali." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe unisikie vizuri. Mimi sijakubali."

"Nimesikia, Baba," Cheptoo alisema. "Lakini leo aliyeulizwa ni mimi."